Kitovu cha Nabii Adamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale ulipoandika kwamba tangu muanze kufundishwa asili ya binadamu umekuwa ukisali huku moyo wako uko mbali, kana kwamba kuna kitu ulichokisoma ambacho unamficha Mwenyezi Mungu. Sikuandikii ili nikutulize tu. Nakuandikia ninachokiamini, kwa sababu unanidai jibu la swali uliloniuliza ulipokuwa na umri wa miaka saba.

Siku hiyo nilikuwa nakukausha maji baada ya kukuogesha. Ukaweka kidole kwenye kitovu chako ukaniuliza kina kazi gani, nami nikakueleza kuwa hapo ndipo ulipounganishwa nami kabla hujazaliwa. Ukanyamaza kidogo, kisha ukauliza: "Na Nabii Adamu alikuwa nacho?" Nilikukemea, nikakuamuru useme astaghfirullah na usirudie tena maneno hayo. Ukasema, na kweli hukurudia. Utiifu wako wa siku ile umenichoma miaka yote hii kama mwiba uliovunjikia ndani, maana hukuwa umekufuru hata chembe. Ulikuwa umeelewa, mtoto mdogo kama ulivyokuwa, kwamba alama iliyo mwilini husimulia yaliyopita, ukataka kujua kama mwili wa mtu wa kwanza nao ulikuwa na la kusimulia.

Sasa umefika mahali ambapo watu wazima wanaiuliza miili yetu swali lile lile, na miili inajibu. Chembe hai zetu zina kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, ilhali sokwe, gorila na orangutani wana 48. Ikiwa tulitoka katika ukoo mmoja nao, jozi moja ilikwenda wapi? Wataalamu walipoichunguza kromosomu yetu ya pili walikuta katikati yake ule mpangilio wa vinasaba ambao kwa kawaida hukaa nchani mwa kromosomu tu, sawasawa na mtu anayekunjua shuka akakuta katikati yake pindo mbili zilizoshonwa pamoja, akajua mara moja kwamba shuka hilo hapo zamani lilikuwa vipande viwili. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kidole chako kilipokuwa kimekaa siku ile.

Kuna pia mfupa mmoja ambao sisi Waislamu tunao sababu ya kuufikiria kwa muda mrefu zaidi. Wanabiolojia wanakifundisha kifandugu, kile kimfupa cha mwisho wa uti wa mgongo, kuwa ni baki la mkia, na kijusi cha binadamu huwa na kijimkia katika wiki zake za mwanzo kabla hakijafifia. Kifandugu hicho hicho ndicho kilichotajwa katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwili wote wa mwanadamu utaliwa na ardhi isipokuwa mfupa huo, na kutokana nao ataundwa upya Siku ya Kiyama. Sisemi kwamba hadithi inafundisha biolojia, wala kwamba biolojia inaithibitisha hadithi. Nasema tu kwamba nikiugusa mfupa huo siogopi tena mtu akiniambia ulitoka wapi, kwa kuwa tumaini langu liko katika alichoahidi Mola kuufanyia.

Nataka pia uzitazame vizuri picha za nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizofukuliwa mwaka 1978 na kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Leakey. Mlima wa volkano ulikuwa umemwaga jivu, mvua ikalilowesha, viumbe wakapita juu yake, kisha likakauka na kuwa gumu kama saruji na kufunikwa na jivu jingine kwa takriban miaka milioni 3.66. Angalia unyayo mmoja tu, usiharakie mstari mzima wa mita 27 hivi. Kisigino kimezama, uzito ukahamia mbele, na kidole gumba kimekaa sambamba na wenzake badala ya kutengwa pembeni kama cha sokwe. Hawa hawakuwa watu kama mimi na wewe, ubongo wao ulikuwa mdogo, lakini walikuwa wakitembea wima kwa miguu miwili. Lugha yetu inawaita zamadamu, na inatuita sisi binadamu, kwa hiyo jina la Adamu limo katika yote mawili, na kila nikiyatamka huliona fumbo lako likinitazama.

Utaniuliza, basi, mama, unaamini lipi? Katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, tumeamrishwa tutembee katika ardhi tuangalie namna Mwenyezi Mungu alivyoanza kuumba. Sikuwahi kuichukua amri hiyo kwa uzito wake mpaka uliponiandikia. Hawezi kutuamuru tuangalie, kisha akawa ametutegea ardhini mifupa ya kutudanganya na kutushonea pindo za uongo ndani ya vinasaba vyetu. Mola ninayemsujudia hatoi ushahidi wa uongo. Kwa hiyo kila kilichoshuhudiwa na mifupa na vinasaba kuhusu asili ya miili yetu nakipokea. Na kwamba Adamu alipuliziwa roho, akafundishwa majina ya vitu, akakosea, akatubu, hayo nayaamini kwa moyo wangu wote, na sioni ni mfupa gani utakaofukuliwa kesho ukayakanusha. Wapo wanazuoni wanaoyakubali mabadiliko ya viumbe wote lakini wakamtoa Adamu peke yake, na wapo wanaoikataa nadharia nzima. Nawaheshimu, na baadhi yao wamenifundisha dini, lakini katika hili siwezi kuwafuata. Sijaweza kuziunganisha simulizi hizi mbili kwa mshono usioonekana, na nimechoka kujifanya nimeweza.

Ulinigusia pia habari za viumbe wa sayari nyingine, tena kwa hofu kubwa zaidi, kwamba wakipatikana hadhi yetu mbele ya Mungu itakwisha. Hofu hiyo siioni. Katika rakaa 17 za faradhi tunazosali kila siku tunasoma Al-Fatiha, na mwanzoni mwake tunamwita Mola wa walimwengu wote, kwa Kiarabu alamina, neno la wingi. Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki mwaka 1210, alipolifasiri neno hilo alisema Mwenyezi Mungu ana uwezo wa kuumba nje ya ulimwengu huu malimwengu alfu kwa alfu. Hakuwa na darubini. Alikuwa na adabu ya kutomwekea Mola wake mpaka.

Lakini hapa mizani iwe ile ile, mwanangu, nami nitakuwa mkali kidogo. Nimewasikia wahubiri wakiishika aya ya 29 ya Sura ya Ash-Shura, inayotaja viumbe walioenezwa mbinguni na ardhini, wakatangaza kwamba Qur'ani ilishatoa habari za wakazi wa anga. Wafasiri wa kale walipoisoma walikuwapo waliosema wanaokusudiwa ni pamoja na malaika. Anayeikaza aya iseme alichokisikia jana kwenye taarifa ya habari hana tofauti na anayeufukia mfupa ili usiseme kitu, kwa sababu wote wawili wanamwekea shahidi maneno mdomoni, na mhubiri huyo atajificha wapi taarifa ikibadilika?

Na taarifa hizi hubadilika. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba ndani ya kimondo kilichotoka Mirihi, kilichookotwa Antaktika mwaka 1984, kuna dalili za viumbe vidogo sana vya kale. Dunia ikapigwa na butwaa, kisha wengine wakaonyesha kwamba dalili zile zingeweza kutokea pasipo uhai wowote, na leo wanasayansi wengi hawazitegemei. Tunalolijua kwa hakika ni kwamba tangu mwaka 1995, ilipogunduliwa sayari inayozunguka nyota iitwayo 51 Pegasi, zimethibitishwa sayari zaidi ya 5,000 nje ya mfumo wa jua letu, na kwamba kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikutwa na asidi amino, ambazo ndizo matofali ya protini. Matofali yapo, viwanja vipo, lakini nyumba haijaonekana hata moja. Hata nyota iliyo jirani kabisa na jua letu iko mbali kiasi kwamba chombo cha anga cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kwa mwendo wake kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kufika umbali huo. Shahidi wa jambo hili hajafika, nasi hatuna ruhusa ya kumtolea ushahidi, iwe wa kuwapo kwao au wa kutokuwapo.

Endelea na somo lako, na usali ukiwa na vitabu vyako wazi pembeni kama ni lazima. Swali lako la kitovu nimelitoa lile kemeo nililolifungia miaka yote hii. Ukija likizo niulize tena, nami nitakaa nalo pamoja nawe hata kama usiku utakwisha hatujalimaliza, na ikiadhiniwa alfajiri tutatia udhu, wewe na swali lako, mimi na langu, tusimame safu moja.

Wasalaam,
Mama yako akupendaye