Asali ya Liwale isihukumiwe kwa kolamu isiyoifaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vipimo vya sukari, maana karatasi moja ya maabara inaweza kumharibia mfuga nyuki wa Liwale msimu mzima.

Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, kinataka sukrosi, ndiyo sukari ya dukani, isizidi gramu 5 katika gramu 100 za asali ya kawaida. Sukari za asali hutenganishwa kwa kolamu, yaani bomba jembamba lililojazwa chembechembe, ambamo kiyeyushi husukuma sampuli na kila sukari hutoka kwa wakati wake. Sasa kuna kolamu ya resini yenye kalsiamu, ya milimita 300 kwa 7.8, ambayo maabara nyingi huipenda kwa sababu kiyeyushi chake ni maji matupu, kwa nyuzi joto 80 hadi 85. Shida yake ni kwamba sukrosi na maltosi, sukari nyingine, hutoka pamoja, kilele kimoja kwenye mchoro wa mashine. Asali halisi ina maltosi yake ya asili. Mpimaji akikisoma kilele hicho chote kama sukrosi, gramu 2 zinaweza kusomeka 6, na mtu ambaye hajatia hata chembe ya sukari ya dukani anaitwa mchakachuaji. Hiyo ni dhuluma, na inaepukika.

Asali ipimwe kwa kolamu ya amino, ambayo chembechembe zake zimefunikwa kemikali ya kundi la amino. Gramu 5 za asali huyeyushwa katika mililita 40 za maji, zikamiminwa kwenye chupa ya mililita 100 yenye mililita 25 za methanoli, ikajazwa maji hadi alama, kisha ikachujwa kwa chujio la maikromita 0.45. Kiyeyushi ni asetonitraili 80 kwa maji 20. Hapo hutoka fruktosi, glukosi, sukrosi, halafu maltosi, kila moja peke yake. Ubaya wa amino ni kuchoka mapema: glukosi na sukari nyingine zenye aldehidi hujifunga kwenye amino yenyewe, usomaji wake ukashuka na muda wa kutoka ukafupika. Kwa hiyo mchanganyiko wa sukari zote nne unaojulikana vipimo vyake upitishwe kila asubuhi, kabla ya sampuli ya mtu.

Kuhusu kigunduzi, yaani kifaa kinachosoma sukari zinapotoka kwenye kolamu, tafadhali wanaoandika zabuni waache kuomba cha urujuanimno peke yake. Sukari karibu haifyonzi mwanga huo, labda chini ya nanomita 200, ambako kila uchafu nao unaonekana. Kinachofaa ni kigunduzi cha mpindo wa mwanga. Hicho hakitaki kiyeyushi kinachobadilishwa uwiano katikati ya kipimo, na joto likiyumba mstari wa msingi unapanda na kushuka. Vitabu husema nyuzi 30, lakini chumba cha Mtwara mchana huweza kupita hapo, na hita haiwezi kupoza. Kiwekwe nyuzi 40, kiachwe kitulie saa kadhaa, na feni au kiyoyozi kisikipulizie.

Juisi ya mabibo, matunda ya mkorosho, ni habari nyingine. Sukari zake nyingi ni glukosi na fruktosi, kwa hiyo kolamu ya kalsiamu inatosha kabisa na inaokoa gharama ya asetonitraili. Ila juisi ichemshwe mara tu baada ya kukamuliwa, la sivyo inaanza kuchacha na maabara itapima uraka, pombe ya mabibo. Ukakasi wa bibo, yaani tanini, uondolewe kabla ya kuingiza sampuli, na kolamu ndogo ya kinga iwekwe mbele, kwa sababu chumvi na asidi za tunda hung'oa kalsiamu kidogo kidogo.

Umeme ukikatika kolamu ya kalsiamu ikiwa kazini, usirudishe pampu kwa kasi ileile. Resini iliyopoa hupandisha shinikizo, na ikikandamizwa haitengenezeki. Anza na mililita 0.2 kwa dakika mpaka joto lirudi, ndipo ufike 0.6.

Ombi langu kwa wanaotoa vyeti: andikeni kolamu na kigunduzi vilivyotumika, na kama maltosi ilitenganishwa na sukrosi. Mfugaji aliyekataliwa asali yake ana haki ya kuuliza hayo kabla hajaimwaga.

Mkemia wa vyakula,
Mtwara