Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, hamjambo.

Nianze na mnayoyajua. Warsha yetu ya uandishi imeendelea bila malipo katika darasa lile lile la chuo, Jumamosi mbili kila mwezi, na mwaka huu tumekutana mara 22. Tulizuru Maktaba ya McMillan pale Banda Street, Nairobi, iliyofunguliwa 1931. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tulisomeana kazi zetu uani. Washiriki watatu wametuma miswada kwa Tuzo ya Safal-Cornell, ile ya fasihi ya Kiswahili. Asanteni.

Sasa suala la chai.

Mwishoni mwa Januari kamati iliondoa chai na mandazi ili fedha ziende kwenye kopi za kazi tunazosoma. Nimesikia yaliyosemwa, hata kwamba mwenyekiti ameua kikundi. Naomba mnisikilize. Chai ilikuwa shilingi 1,500 kila kikao. Kopi ni shilingi 5 ukurasa. Hadithi ya kurasa 6 kwa watu 25 ni shilingi 750, na kila kikao tunasoma kazi mbili. Ni 1,500 zile zile, na za kulipia vyote viwili hazikuwapo.

Zamani mtu alisoma kwenye simu yake, sisi tukasikiliza, tukasema "hongera", naye akarudi nyumbani bila la kurekebisha. Mnakumbuka kijana aliyeghani shairi lake la tarbia, lenye mishororo minne kila ubeti, beti nane, tukapiga makofi? Alipolileta tena likiwa kwenye kopi, mama mmoja aliyeshika penseli alikuta mishororo mitatu ina mizani, yaani silabi, 15 badala ya 16, na katika ubeti wa tano kina cha kati, ile silabi ya katikati ya mshororo inayopaswa kufanana, kimebadilika. Alipokuwa akighani, sauti ilivuta silabi ikaziba pengo, masikio yetu yakapitwa. Shairi hilo leo limekaa sawa. Kazi ya warsha ni hiyo, na bila karatasi mkononi haifanyiki.

Wapo waliotaka kila mshiriki asiye mwanachama atozwe shilingi 50. Ndugu zangu, chuo kilitupa darasa bure kwa sharti kwamba nasi tusitoze mtu, na barua iko kwa katibu. Nilikwenda ofisini kwao mara tano mwenyewe, nikingoja kwenye benchi, hadi barua hiyo ikatoka. Siwezi kurudi kuwaambia tumegeuza neno. Tena wapo wanaotoka Kayole na Ruai, na siku ya mvua nauli ya matatu inapanda. Hiyo 50 ndiyo ingewabakisha nyumbani. Najua hao hao ndio waliokosa chai zaidi, na jambo hilo linaniuma. Kwamba hatukuwaita wanachama kabla ya kuamua, naomba radhi. Uamuzi wenyewe nausimamia.

Na tuseme ukweli kuhusu ada. Tuko wanachama 38, ada ni shilingi 200 kwa mwezi, kwa hiyo mwaka ungeleta 91,200. Zilizoingia ni 37,400. Waliomaliza ni 11, na tisa hawajatoa hata shilingi. Matumizi yalikuwa 39,700: kopi 30,000, chai ya Januari 3,000, usafi wa darasa na kalamu za ubao 6,700. Pengo la 2,300 nililijaza kutoka mfukoni mwangu, na sijadai. Chai na kopi kwa mwaka mzima zingekula 66,000. Kila mtu angetoa ada yake, tungekunywa chai, tukasoma kopi, na akiba ikabaki.

Mahudhurio nayo yanavunja moyo. Washiriki wanajaza viti, lakini wanachama huwa watano au sita. Mkutano wa Mei, ulioitishwa kwa ajili ya chai hiyo hiyo, ulikuwa na watu 12. Waliolalamika zaidi sikuwaona.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tungependa kutoa mkusanyiko wa hadithi na mashairi yetu, na pengine kuwaanzishia watoto darasa wakati wa likizo. Akipatikana mfadhili wa chai, tutampokea kwa mikono miwili.

Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Atakaa hapo hadi saa nane.

Mwenyekiti