Barua kwa mwanangu anayekwenda kununua koti la judo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ama baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi huku Unguja sote tu wazima, na barua hii inahusu zile picha za sare ulizonitumia ukiniomba nikusaidie kuchagua. Nimezitazama moja baada ya moja, na sikuridhika, kwa sababu nyingi kati yake ni sare za karate zilizobandikwa jina la judo ili ziuzwe kwa kila anayeuliza. Kabla sijakutumia fedha, nataka ujue utakachokwenda kukitazama na kukishika dukani.

Mwanakarate hupiga na kukwepa, kwa hiyo koti lake hushonwa kwa kitambaa chepesi kisichomzuia kwenda upesi. Wewe mchezo wako huanza kwa kushikana: mwenzako atakamata ukosi na mkono wa koti lako, akuvute kwa uzito wa mwili wake mzima, na kitambaa cha karate hakikuumbwa kustahimili mvuto huo. Kano Jigoro alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, makoti yalikuwa na mikono mifupi na suruali zake zilikuwa fupi vilevile, zikarefushwa mwanzoni mwa karne ya 20, na viwiko na magoti yakapona michubuko ya mkeka. Funakoshi Gichin alipofika Tokyo mwaka 1922 kuionyesha karate ya Okinawa, wanakarate wakalichukua umbo la koti hilohilo, wakalipunguzia uzito. Ndiyo maana katika picha yanafanana kabisa, na huwezi kuyatenganisha mpaka uyatie mkononi.

Basi anza na kitambaa. Sehemu ya juu ya koti la judo, kuanzia mabegani hadi kiunoni, hufumwa kwa uzi mnene unaotokeza vipunje vidogo mithili ya mchele, na sehemu ya chini, inayofunika makalio, huwa nyembamba zaidi. Ukipitisha kiganja usivisikie vipunje hivyo, liache hapo hapo. Uzito huandikwa kwa gramu katika kila mita moja ya mraba: makoti ya wanaoanza huwa gramu 350 hadi 500 hivi, na yale ya mashindano ya kimataifa hutakiwa yawe kati ya gramu 650 na 750. Muuzaji atakuhimiza uchukue zito akisema ndilo linalodumu, na kuhusu kudumu hasemi uongo. Lakini wewe unaishi Dar es Salaam, katika chumba cha wanafunzi chenye kamba moja ya kuanikia, na una mazoezi siku tatu kwa wiki. Koti la gramu 700 likifuliwa usiku wakati wa masika, kesho yake jioni bado lina unyevu, na pamba inayokaa na unyevu katika joto la pwani huota madoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki tena. Nataka ununue la gramu 450 hivi, la pamba tupu au lililochanganywa na poliesta kidogo. Poliesta huharakisha kukauka na huzuia nguo isirudi sana, ila ikizidi, koti halinyonyi jasho na hukubandika mwilini.

Kwenye mishono ndipo ninapokuomba usiwe na haraka hata kidogo. Makoti ninayoletewa na vijana wa judo wa hapa mtaani niyatengeneze hayachaniki ovyo. Huchanika mahali palepale, na fundi aliyeyashona angeweza kuliona hilo tangu mwanzo. Ligeuze koti ndani nje, usijali muuzaji akinuna. Tazama kwapani kama pana kikwapa, kile kipande kidogo tunachokitia hata kwenye kanzu ili mkono uinuke bila kuvuta ubavu, na uhakikishe kimezungushiwa mishono miwili au zaidi. Tazama mabegani kama kitambaa kimewekwa mara mbili, kwani hapo ndipo mikono ya mwenzako inapovutia. Ukosi ushonwe kwa mistari kadhaa inayokwenda sambamba kutoka juu hadi chini, uwe mgumu lakini ukunjike, kwa sababu ukosi uliojazwa kitu kigumu mno hukukwaruza shingo na mashindanoni haukubaliwi ukizidi unene wa sentimita 1. Kisha shuka kwenye mipasuo ya pembeni. Mwisho wa juu wa kila mpasuo uwe umetiwa kiraka au mshono wa kwenda na kurudi, la sivyo mpasuo utapanda kila unapovutwa mpaka ufike kiunoni. Halafu shika kitambaa pande mbili za mshono wowote, uvute kwa nguvu: ukiona uzi umejitokeza na mwanga unapenya, hilo koti limeshonwa kwa mishono mikubwa ili fundi amalize haraka, na halitafika mwaka.

Suruali nayo usiinunue kwa kuitupia jicho tu. Magoti yawe na viraka virefu vinavyoanzia juu ya goti na kushuka hadi katikati ya muundi, kwa maana utapiga magoti sana. Na kwenye msamba pawe na kipande cha kuongezea nafasi, usije ukachanikiwa mbele za watu. Kiunoni napendelea kamba kuliko mpira peke yake, kwa kuwa mpira hulegea kwa kufuliwa mara kwa mara, na kamba ikichakaa unaweza kuibadilisha mwenyewe.

Kuhusu kipimo, namba nyingi hufuata urefu wa mtu kwa sentimita. Wewe una sentimita 163, na watu watakuambia uchukue 160. Usikubali, maana pamba hurudi ikifuliwa, na mikono ya koti ndiyo inayopungua kwa kuonekana zaidi. Chukua 165, na ikikosekana chukua 170, kisha tutaikunja. Ukilivaa, nyoosha mikono mbele: mkono wa koti ufike kwenye kifundo cha mkono, na kati ya mkono wako na kitambaa ibaki nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Suruali isipande zaidi ya sentimita 5 juu ya kifundo cha mguu. Koti lifunike makalio, na pande zake mbili zipishane kifuani kwa sentimita 20 au zaidi, upande wa kushoto ukiwa juu. Hivyo ndivyo Shirikisho la Judo la Kimataifa linavyotaka, nami naona ni utaratibu wa haki, kwa sababu mwenye koti la kubana humnyima mwenzake mahali pa kushika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua limekukaa moyoni, ingawa hukuliandika. Ndani ya koti wasichana huvaa fulana nyeupe ya mikono mifupi yenye shingo ya duara, ndefu kiasi cha kuchomekwa ndani ya suruali ikae hata ukiangushwa. Nunua mbili au tatu za pamba nzito isiyoonyesha. Kichwani vaa kofia laini ya kubana inayoshika vizuri, isiyo na pini, kifungo wala ncha ya kuning'inia, maana pini inaweza kukudhuru wewe na mwenzako, na kitambaa kinachozunguka shingo kinaweza kukukaba mtakapokuwa chini mnashindana. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alishindana judo akiwa amefunika nywele, baada ya makubaliano kufikiwa kuhusu kifuniko kilicho salama. Kwa hiyo usione haya kumuuliza mwalimu wako mapema, na kabla ya shindano lolote uwaulize waandaaji, upate jibu lao ukiwa na muda wa kujiandaa.

Rangi iwe nyeupe. Koti la buluu lilikubaliwa na shirikisho mwaka 1997 ili waamuzi na watazamaji wawatofautishe wachezaji wawili, na likaonekana Olimpiki kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000, lakini wewe hulihitaji mpaka uanze kushindana. Mkanda mweupe mara nyingi huja pamoja na sare, na mikanda ya rangi usiinunue. Mwalimu atakuambia wakati wake. Usilipie zaidi kwa ajili ya nembo kubwa zilizotariziwa mgongoni, kwani hazizuii mshono kufumuka. Ukipita soko la mitumba la Karume ukakuta koti la judo lililotumika, lichunguze kwa yote niliyokuandikia. Likiwa zima kwapani na kwenye ukosi, nitalipendelea kuliko jipya la bei rahisi, maana lililokwisha fuliwa mara nyingi limemaliza kurudi, na kipimo utakachokiona ndicho utakachobaki nacho.

Ukishalinunua, lifue kwa maji baridi mara tatu kabla ya kulipeleka kwa mtu yeyote kulikunja, na ulianike kivulini penye upepo huku ukiinyoosha mikono yake. Usilitie jiki hata siku moja, kwa kuwa jiki hula nyuzi za pamba, na koti litang'aa siku chache kabla ya kuanza kukatika kwenye kola. Likishafuliwa, nipimie kwa futikamba urefu wa mkono kutoka katikati ya mgongo hadi ukingoni, na urefu wa suruali kwa mshono wa ndani. Nipigie picha za kwapa na za mipasuo ukiwa bado dukani, kabla hujalipa, na fedha nitakutumia kwa simu saa hiyo hiyo. Kukunja nitakukunjia mwenyewe utakapokuja likizo, kwa mshono unaoweza kufumuliwa, maana bado unarefuka.

Wasalaam,

Mama yako