Risala ya Wananchi wa Kitongoji kwa Mkuu wa Wilaya ya Kongwa, Siku ya Kufungua Madarasa ya Shule Shikizi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, Mwalimu Mkuu wa shule mama, wazee wetu, wazazi na watoto,

Mbukwenyi!

Mheshimiwa, njiani umejionea: tembe moja, shamba la mtama, mbuyu, kisha mwendo mrefu hadi tembe nyingine. Kitongoji chenyewe ndicho hicho. Duka hatuna. Kituo cha bodaboda ni chini ya ule mbuyu, siku bodaboda akipatikana.

Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, wazee wetu walihamishiwa karibu na barabara. Mashamba hayakuhama nao, basi baadhi yao wakarejea mahameni. Sisi ni watoto na wajukuu wa hao waliorejea. Ndiyo maana tukiomba huduma tunajibiwa kwamba tu wachache. Hatubishi. Ila gunia la alizeti au la mahindi likifika soko la Kibaigwa, hakuna anayeuliza limetoka kwenye kaya ngapi. Mlanguzi hutaka lumbesa tu, gunia lililojazwa kupita kipimo.

Wilaya yetu inazijua hesabu za mbali. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa Kongwa na matrekta na mpango wa mamilioni ya ekari za karanga. Udongo wa kiangazi ukawavunjia majembe, mvua ikawa haba, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Karanga bado tunalima, vipande vidogo, kwa jembe la mkono, kwa kuwa bibi zetu walijua ni udongo upi unaozikubali.

Mheshimiwa, madarasa haya mawili ya shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama, unayoyafungua leo tuliyaanza wenyewe. Akina mama walisomba maji na mchanga, vijana wakafyatua matofali, na aliyekosa fedha alileta debe la mtama. Boma lilifika lenta likasimama misimu miwili bila paa. Serikali ikaja kupaua, ikaweka sakafu na madawati. Kwa hilo tunashukuru bila kuzunguka. Tunajua pia kwamba mwaka 2021 fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilijenga madarasa 3,000 ya vituo shikizi nchini. Sisi hatukuwamo, lakini tulipata moyo kuona vitongoji kama chetu vimekumbukwa.

Tatizo letu ni darasa la tatu. Hapa mtoto anasoma awali, la kwanza na la pili, kisha anapelekwa shule mama, ng'ambo ya korongo. Mvua zikianza Desemba, korongo hujaa kwa saa moja tu na maji hushuka yakitaka kushuka. Mtoto wa miaka tisa hubaki upande huu akitazama. Aprili mvua zinapokatika, kweleakwelea wanaingia kwenye mtama, na huyo huyo anabaki shambani kuamia ndege. Hapo lawama ni yetu wazazi, na kamati ya shule imeshakubaliana kwamba zamu ya kuamia ni ya watu wazima asubuhi na ya watoto baada ya masomo. Korongo, hata hivyo, hatuwezi kulipangia zamu.

Kwa hiyo tunaomba kivuko cha miguu. Si daraja la magari. Mawe tutasomba, mchanga tunao, na mafundi wapo. Tunakosa saruji, nondo na mtaalamu wa kupima. Kivuko kikishindikana, basi tuongezewe darasa la tatu na la nne hapa hapa, na mwalimu mmoja wa ajira, kwa sababu huyu wa kujitolea tunamlipa kwa mahindi, na mwaka wa ukame hulipwa ahadi.

Neno la maji ni fupi. Kongwa ni wilaya iliyotaabishwa na ugonjwa wa macho wa vikope kwa miaka mingi. Dawa tumemeza, na zimesaidia. Lakini kuwaambia watoto wanawe uso kila siku, wakati ndoo moja inatafutwa tangu alfajiri, ni kuwaonea. Kisima kifupi karibu na shule kingewafaa na nyumba za jirani pia.

Mheshimiwa, leo gari lako limepita korongoni juu ya mchanga mkavu. Tunakualika tena Februari, bila maturubai wala ngoma. Uje alfajiri, usimame nasi ukingoni.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wananchi wako.