Nadharia ya Toronto isifundishwe Mtwara kama jambo lililokwisha kuthibitishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonihuzunisha katika semina ya wauguzi na walimu wa ushauri nasaha niliyoalikwa hapa Mtwara mjini. Mwezeshaji alichora duara mbili kwenye bango kitita, akatuambia kuwa wanawake waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa na maumbile ya kiume, wako wa aina mbili tu: wanaotamani wanaume, na wale ambao kinachowasukuma ni ashiki ya kujiwazia wakiwa na mwili wa kike. Hali hii ya pili aliiita otogainefilia, akasema sayansi imekwisha kuithibitisha, na kitini tulichogawiwa kilirudia maneno hayohayo bila kutaja mwaka wala aliyeyasema.

Aliyeyasema ni Ray Blanchard, mwanasaikolojia aliyefanya kazi katika Taasisi ya Clarke mjini Toronto, Kanada, ambaye alilibuni neno hilo mwaka 1989, akitegemea zaidi madodoso yaliyojazwa na watu waliofika kliniki kuomba huduma. Wapo wanawake waliobadili jinsia waliosema kuwa maelezo yake yanawahusu, akiwemo daktari Anne Lawrence wa Marekani, ambaye ameitetea nadharia hiyo kwa miaka mingi. Anayejieleza hivyo namsikiliza na kumheshimu. Ninachokipinga ni hatua inayofuata, pale hisia waliyoikiri baadhi inapofanywa kuwa chanzo cha wote wasiotamani wanaume peke yao, na pale anayeikana hisia hiyo anapoambiwa kuwa anaficha au hajijui. Anayekubali amethibitisha nadharia, na anayekataa naye amehesabiwa kuwa amethibitisha. Katika miaka yangu yote ya uuguzi sijapata kuona kipimo ambacho majibu yake yote mawili yanasomwa kuwa ugonjwa upo.

Tena kuna swali ambalo mtu yeyote aliyefundishwa utafiti angeliuliza mwanzo kabisa, nalo ni hili: je, wanawake wengine wakiulizwa maswali hayo, watajibu nini? Mwaka 2009 Charles Moser wa Marekani alichapisha matokeo ya dodoso la namna hiyo lililojazwa na wanawake 29, wote wafanyakazi wa hospitali. Kwa kipimo chepesi, asilimia 93 waliingia katika otogainefilia, na kwa kipimo kikali zaidi asilimia 28. Ishirini na tisa ni wachache, na watetezi wa Blanchard wanasema maswali yale hayakuwa sawa na yake; hoja hiyo naipokea. Hata hivyo mimi ni mwenyeji wa Mikindani, na nimekaa ndani na maharusi wengi. Nimemwona bibi harusi aliyesingwa liwa, akapakwa hina, akafukizwa udi mpaka kanga yake ikanukia, kisha akapewa kioo, akajitazama kwa haya na raha kwa pamoja, huku somo wake akimwambia ajione alivyo mwanamke. Hakuna aliyesema kuwa raha ile ya kuuona mwili wake ndiyo iliyomfanya awe mwanamke. Alikuwa mwanamke kwanza, raha ikafuata. Julia Serano, mwanabiolojia wa Marekani ambaye mwenyewe amebadili jinsia, ametoa hoja inayokaribiana na hii: kwamba mawazo ya namna hiyo yanaweza kuwa matokeo ya kujijua mwanamke ndani ya mwili usiolingana naye, wala si chanzo chake.

Zile duara mbili nazo hazikusimama imara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha watu 571 wa eneo la New York, ulikuta wengi wasioingia katika duara walizopangiwa, na ukaonyesha kuwa umri na asili ya mtu vilihusiana na majibu yake. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeitoa hali ya kutolingana na jinsia katika fungu la magonjwa ya akili.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kazini Lindi, niliwahi kuletewa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, ambaye shangazi yake alitaka tumtibu tabia ya kujiita mwanamke. Mbele ya shangazi hakusema neno. Shangazi alipotoka, mtu yule alitoa ndani ya mfuko wa rambo kanga moja iliyochujuka, akaiweka mapajani na kuanza kulinyoosha pindo kwa kidole gumba, akasema, "Sista, nikijifunga hii ndipo napumua." Wakati ule sikuwa na nadharia yoyote, kwa hiyo nilimsikiliza. Ningekuwa na kitini kile mkononi, ningemuuliza habari za ashiki, na jibu ningekuwa nimekwisha kuliandika kabla hajafungua kinywa.

Tuliambiwa kuwa semina hiyo itaendelea Newala na Masasi. Nawaomba waandaaji, kabla hawajachapa vitini vingine, waandike humo jina la mwenye nadharia, mwaka alioitoa, na hoja za wataalamu waliompinga.

Muuguzi mstaafu,
Mikindani, Mtwara