Kikao cha Jumamosi: Hadithi za Cranford

Ndugu wanakikundi, salaam.

Kikao chetu cha kusoma hadithi za Uingereza ya karne ya 19 kitafanyika Jumamosi hii saa tisa alasiri, badala ya saa kumi na moja, katika chumba kilekile cha maktaba, kwa kuwa jioni hiyo chumba kina wageni wengine.

Tutajadili visa vitatu vya mwanzo vya Cranford vya Elizabeth Gaskell, vilivyoanza kuchapishwa Desemba 1851 katika jarida la Household Words, ambalo mhariri wake alikuwa Charles Dickens. Naomba msiipite haraka sehemu ambapo Bi Matty anawasha mshumaa mmoja tu kati ya miwili, akiipokezanisha ili ilingane urefu, wageni wakija ghafla jioni iwashwe yote bila wao kugundua kwamba mwenye nyumba anabana matumizi. Kwa maoni yangu, uhondo uko hapo kuliko hata katika ajali ya Kapteni Brown relini.

1. Mchango ni shilingi 3,000 kwa kila mtu, kwa ajili ya nakala na chai. Apewe mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
2. Anahitajika mmoja wa kutusomea kwa sauti kisa cha kwanza. Mwenye nafasi ajitaje.

Tafadhali thibitisheni hapahapa, "nitafika" au "sitafika", kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, ili nijue idadi ya nakala za kutoa.

Ahsanteni sana.
Mratibu