Kaka, Maiki Yako Ilikuwa Wazi

Kaka yangu,

Nimekuandikia mara tatu kwenye simu, na mara tatu nimefuta kabla hujasoma, nawe bila shaka umeliona lile tangazo fupi linalobaki mahali pa ujumbe uliofutwa, ukajiuliza nilitaka kusema nini. Nilitaka kusema haya. Ninayasema mbele za watu huku nikijua vizuri kwamba Mathayo 18:15 inaagiza ndugu aonywe faraghani, lakini jambo lenyewe lilitoka kwenye spika nne na kusikika hadi nje ya kanisa, kwa hiyo sioni ni faragha gani iliyobaki ya kulinda.

Tena wewe ndiye mwalimu wangu wa mambo haya ya simu. Nilipopata simu yangu ya kwanza ulinieleza kuwa jina Bluetooth limetokana na jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyejisifu kwenye jiwe la Jelling kwamba alijipatia Denmark yote na Norwei na kuwafanya Wadenmaki kuwa Wakristo, na kwamba ile alama yake ni herufi mbili za kale za jina lake zilizobebana. Ulicheka sana ukisema kwamba hata simu zetu zimebatizwa. Nilikuamini, kisha nikaenda kuhakikisha, nikakuta ni kweli, jambo ambalo si la kawaida kwako.

Kwa hiyo siku ya ibada ya kumuaga Baba, uliposhindwa kusafiri, ni mimi niliyeiunganisha simu yangu na spika za kanisa kwa Bluetooth ili usome somo ukiwa huko huko uliko. Ulisoma 1 Wakorintho 15 vizuri mno. Ulipofika kwenye maneno "Mauti imemezwa kwa kushinda", sauti yako ilitetereka kidogo, nami niliona Mama akiukaza mkono wake juu ya kitambaa. Kama ungeishia hapo, leo tungekuwa tunazungumza.

Mahubiri yalikuwa marefu; hilo sitabishana nawe. Katikati yake, pale mchungaji aliponyamaza ili avute pumzi, spika zote nne zikasema kwa sauti yako: "Huyu mchungaji chaji yake haiishi?" Unajua kwamba sauti huchelewa njiani sekunde moja au mbili. Kicheko chetu kilikuwa bado hakijakufikia, nawe ukaongeza ya pili: "Baba angekuwa hai, angekuwa ameshasinzia." Hapo kanisa zima liliangua kicheko, kwa sababu hakuna aliyekuwa ndani ambaye hakuwahi kumwona Baba amelala kwenye benchi la tatu, kidevu kifuani, miwani mkononi. Kisha kicheko chetu kikakufikia, nami nikaiona sura yako kwenye kioo ikibadilika, na simu ikakatika.

Haikukatika yenyewe, Kaka. Wewe ndiye uliyekata.

Sikasirishwi na mzaha. Ninachoshindwa kukisamehe ni kilichofuata, ambacho hukukiona. Mama alikuwa akicheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimshuka, kisha akainyakua simu mkononi mwangu na kuisogeza karibu kabisa na mdomo, kama afanyavyo siku zote, akasema: "Halo? Mwanangu? Ni kweli, angelala." Akangoja. Akarudia "Halo?" mara mbili, na spika zikabaki kimya, maana upande wa pili hapakuwa na mtu. Nilimwambia mtandao ni mbaya. Nilisema uwongo kanisani, mbele ya jeneza, kwa ajili yako.

Jioni yake ukaniandikia kwamba nimekudhalilisha makusudi. Basi nikushauri kama mdogo wako: mtu akimaliza kusoma somo, aitazame ile alama ya maiki kama ina mstari, kisha aitazame tena kabla ya kufungua kinywa kumjadili mtumishi wa Mungu. Ni kweli kwamba mimi pia ningeweza kuizima sauti yako upande wangu. Lakini nilikuwa nimeishika simu kwa mkono mmoja ili Mama akuone, mkono wa pili umeshika kitabu cha nyimbo, na jua la dirishani lilikuwa limekipiga kioo hata sikuweza kuona kitufe chochote. Na ulitaka nifanye nini ndani ya sekunde mbili? Kweli, nilicheka. Nilikuwa wa kwanza kucheka, kama unataka nikiri hapa. Kucheka hakukunizuia kutafuta kitufe.

Tangu siku hiyo hujampigia Mama. Unamtumia mistari ya Biblia kila asubuhi, yote ina ile mishale miwili ya WhatsApp inayotiwa kwenye ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi kabla ya kufika kwako. Yeye huisoma yote kwa sauti, hata ile yenye maua yanayometameta, kisha huniuliza kama wewe mwenyewe umeandika chochote chini yake. Ninapekua hadi chini. Hakuna kitu.

Jumapili, ibada ikiisha, Mama atakuwa ameshika simu yangu, kwa sababu nitamwambia kwamba utapiga. Sijakuuliza kwanza, na unaweza kunikasirikia kwa hilo pia. Nitakuwa nimeshazima Bluetooth.

Mdogo wako